Usiku wa Avicii Aprili 20, siku aliyojiua: tuurushe au tuuache?

Kijana_wa_Ngamiani:

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Natangaza redio moja hapa Tanga, kipindi cha usiku, saa tatu mpaka saa sita. Singeli kidogo, amapiano kwa wingi, halafu saa ya mwisho naweka muziki wa klabu wa Ulaya. Msicheke, una wenyewe: madereva wa malori ya saruji, walinzi, manesi wa zamu, na wanafunzi wa bweni wenye vijiredio chini ya mto ambavyo matroni hajavikamata bado.

Bosi wangu wa vipindi ameamua Aprili 20 tufanye "Usiku wa Avicii", saa zote tatu. Kwa asiyemjua: jina lake halisi Tim Bergling, Mswidi, ndiye aliyechukua gitaa la kikantri la Marekani akalipandisha juu ya midundo ya klabu mwaka 2013, "Wake Me Up", sauti ya Aloe Blacc. Hata kama jina hulijui, umeucheza harusini. Alikufa Muscat, Oman, Aprili 20, 2018, akiwa na miaka 28. Alikuwa ameacha kuzunguka na maonyesho tangu 2016, mwili umechoka, kongosho limemsumbua miaka. Polisi wa Oman walisema hawakuona dalili ya jinai, na siku chache baadaye familia ikatoa barua ambayo dunia nzima iliielewa kwamba kijana alijiua. Namna alivyofanya, familia haikuitangaza.

Kumkumbuka mwanamuziki sina tatizo nako, vipindi hivyo nimefanya vingi. Hiki kinanikwama kooni kwa sababu kimejengwa juu ya kifo chenyewe. Prodyuza wetu ameshatengeneza promo: mapigo ya moyo, yanapungua, yanapungua, yanakata. Kimya. Kisha sauti nzito, "Muscat. Aprili ishirini." Halafu anaingia mdhamini, kinywaji cha kuongeza nguvu! Nilivua hedifoni nikaenda kununua kahawa.

Bosi anasema nina roho nyepesi. Na tuseme ukweli, hoja yake si ya kipuuzi: watu wanamkumbuka Avicii hivi kwa sababu alikufa kijana, kwa hiyo tukiruka kifo tutakuwa tunasimulia mambo nusu nusu. Anataka pia nisome hewani ile barua ya familia, pale wanaposema alitaka kupata amani.

Mama yangu, kwa upande wake, alinisikia nikilizungumzia mezani akaweka kijiko chini. "Mtu aliyejitoa roho anaombewa kimya kimya, hatangaziwi redioni." Kwake mjadala umefungwa.

Ila kilichonifanya niandike si bosi wala mama. Wiki iliyopita nilidokeza tu hewani kwamba jambo hili linakuja. Jumbe zikamiminika kwenye simu ya studio, wengi wanaomba nyimbo. Mmoja akauliza, "Alifanyaje?" Mwingine, saa tano na ushee, akaandika: "Bora yeye kapumzika bro." Huyo nilimjibu palepale, nikaweka miksi ndefu, nikatoka nje kumpigia. Hakupokea. Kesho yake akatuma dole gumba, basi.

Sasa nauliza: kipindi kirushwe siku hiyo hiyo, kihamishwe, au kiachwe kabisa? Naomba jibu la mtu aliyewahi kuligusa jambo hili kwa mikono yake. "Fuata moyo wako" nimeshaambiwa na mlinzi wa getini.

Mzee_wa_Ruwi:

Marahaba mwanangu.

Mimi mtu wa Unguja, Malindi, niko Muscat tangu miaka ya sabini. Nimeendesha teksi hapa mpaka magoti yakakataa. Kifo cha kijana yule nakikumbuka kwa sababu wajukuu zangu walilia na mimi sikumjua hata kwa sura. Wakanisikilizisha nyimbo zake kwenye simu. Moja nikawaambia hii si mbaya.

Miezi iliyofuata nikaanza kupata abiria, vijana wa Kizungu, adabu zao nzuri, wanataka niwapeleke pale alipofia. Kaburini siyo, maana kaburi liko kwao Stockholm. Wanataka kuliona jengo, walipige picha, wapost. Nikawaambia sijui, nikawapeleka Mutrah wakaangalie bahari na soko. Hawakulalamika. Lakini nilijiuliza, kijana aliishi miaka 28, nyimbo kaacha tele, mbona wanayemtafuta ni yule wa siku moja?

Tuje kwenye dini, maana mama yako kaigusa, nipe salamu zangu. Kujiua kwetu Waislamu ni dhambi kubwa, hapana wa kulilegeza hilo. Tatizo watu wameshika nusu ya habari. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Jabir bin Samura, kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua asimsalie. Hiyo kila mtu kaihifadhi. Wanazuoni wengi wamefahamu kwamba yeye alijizuia ili kuonya, na Waislamu wengine humsalia. Huoshwa, hukafiniwa, huzikwa na wenziwe. Na katika kitabu hicho hicho imo ya Tufayl bin Amr. Alihama kwenda Madina na mwenziwe, yule mwenziwe akaugua, maumivu yakamshinda akajidhuru mikono akafa. Tufayl akamuota yumo katika hali njema, ila mikono kaifunika. Mtume aliposimuliwa akamuombea: ewe Mola, na mikono yake pia isamehe. Hii ya pili huisikii kwenye mawaidha hata mara moja kwa mwaka.

Kijana wa Sweden hakuwa Muislamu, hukumu za maziko yetu hazimhusu. Nayasema kwa ajili ya wanaokusikiliza wewe. Wapo ambao majumbani mwao mtu kazikwa mbio mbio, hitima hakusomewa, jirani kaambiwa presha.

Rai yangu: siku ya kifo kwetu husomwa, haipigwi ngoma. Tafuta siku nyingine. Na huo moyo unaokata, mwambie prodyuza wako akautupe baharini, Raskazone.

Bonde_la_Ufa:

DJ wa Sweden anatuhusu nini sisi? Wekeni singeli hadi asubuhi tulale.

Nesi_Mvita:

Ndugu Bonde la Ufa, singeli na kulala wapi na wapi.

Kijana wa Ngamiani, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, niko Mombasa. Kabla ya hiyo Aprili 20, kwanza yule wa saa tano usiku. Ulifanya vyema kutoka nje kumpigia. Sasa mpigie tena, mchana, umuulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kwa maneno hayo hayo. Watu huogopa kwamba ukiuliza utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo inavyokwenda. Aliye nalo anapata mwanya wa kulitoa, asiye nalo atakwambia "aa kaka, nilikuwa natania" na nyote mtapumua. Dole gumba si jibu.

Sasa kipindi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Yaani bweni lako lote la vijiredio. Shirika hilo hilo lina mwongozo wa waandishi na watangazaji kuhusu jambo hili, na ukiusoma utaona haukatazi kutaja kifo. Unakataza kueleza njia, kutaja mahali kana kwamba ni ziara, kusoma barua ya marehemu, kutoa sababu moja tu ("umaarufu ulimuua"), na kukionyesha kifo kama suluhisho. Promo yenu imefaulu kukusanya makosa kadhaa ndani ya sekunde chache, hongera kwa prodyuza.

Haya si mambo ya kukisia. Vienna, mwaka 1987, wataalamu walikaa na magazeti wakakubaliana namna mpya ya kuripoti watu wanaojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Matukio yalishuka kwa zaidi ya asilimia 80 ndani ya miezi michache. Treni zilikuwa zile zile. Zilizobadilika ni kurasa za magazeti.

Na huko kwa wanamuziki: Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Marekani ya Nirvana, alipojiua Seattle, Aprili 1994, maelfu walikusanyika siku chache baadaye pale Seattle Center. Mjane wake Courtney Love alisikika kwenye kanda iliyorekodiwa, akisoma sehemu za barua ya mumewe huku akimjibu na kumtukana kwa uchungu. Kwa mwongozo wa leo, kusoma barua ni kosa. Ila hasira yake ilifanya kitu ambacho sifa tupu hazifanyi, iliwaonyesha wale vijana aliyebaki anaonekanaje. Na mkutano huo huo ulikuwa na mtu wa kituo cha simu za msaada, namba zikatangazwa. Watafiti waliochunguza baadaye hawakuona vifo vya kujiua vikiongezeka eneo lile. Kilichopanda ni simu za kuomba msaada. Mji wake wa Aberdeen ulipotaka kumtengea siku, mwaka 2014, ulichagua Februari 20. Aliyozaliwa.

Mfano wa mwisho nikuache. Rapa Logic wa Marekani alitoa mwaka 2017 wimbo ambao jina lake ni namba ya simu ya msaada ya nchi yao ya wakati huo. Unaanza na mtu anayetaka kufa, unaishia akitaka kuishi. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba katika siku 34 ambazo wimbo ulivuma zaidi, kituo kilipata karibu simu 10,000 zaidi ya kawaida, na vifo vilikuwa 245 pungufu ya vilivyotarajiwa. Kwa hiyo usidharau hizo saa zako tatu.

Barua ya familia usiisome. Ile sentensi ya amani ni ya wazazi waliokuwa wakimlilia mtoto wao, na wana haki nayo. Saa tano usiku, kwenye sikio la aliyekuandikia "bora kapumzika", inageuka kitu kingine kabisa.

Mbongo_Solna:

Habari za huko nyumbani. Mimi naendesha basi huku Stockholm, nakaa Solna, jirani kabisa na uwanja uliokuwa ukiitwa Friends Arena (tangu 2024 ni Strawberry Arena). Tamasha la kumkumbuka lilifanyika hapo Desemba 5, 2019, na mimi nilikuwa ndani.

Iangalieni hiyo tarehe. Si ya kuzaliwa, si ya kufa. Desemba huku ikifika saa tisa alasiri giza limeshaingia, theluji nusu matope, na watu zaidi ya 50,000 wakaja. Wale waliosikika kwenye rekodi zake walisimama wenyewe kuimba, Aloe Blacc akiwemo, na bendi kubwa ya vinanda nyuma yao. Karibu yangu mama mmoja wa makamo alilia wimbo wa kwanza, akacheza uliofuata, akalia tena, jaketi limemvuka bega moja na hana habari. Mapato yalikwenda kwenye mfuko walioanzisha wazazi wake, Klas Bergling na Anki Lidén, mwaka huo huo, kwa ajili ya afya ya akili ya vijana na kuzuia kujiua. Kwa hiyo jambo lilizungumzwa, tena na baba yake mzazi. Wala sikusikia mtu akisimulia Muscat.

Mzee wa Ruwi, shikamoo. Ngoma ilipigwa msibani pia. Aprili 21, siku moja tu baada ya habari kufika, vijana walijaa uwanja wa Sergels torg katikati ya mji, wakakaa kimya dakika moja, kisha wakacheza nyimbo zake. Wenyeji wenyewe wazee walishangaa. Lakini huo ulikuwa msiba mbichi, watu hawajui waweke wapi mikono. Kuurudia kila mwaka tarehe ile ile, na mdhamini juu, hapo nakubaliana nawe.

Mwaka 2021 lile jengo letu jeupe la duara, Globen, likapewa jina lake, Avicii Arena. Lilifunguliwa 1989, mwaka aliozaliwa yeye. Nikipita na basi watoto wanalisoma jina kwa sauti.

Fanya Septemba 8, alipozaliwa. Siku mbili baadaye, Septemba 10, ni siku ya dunia ya kuzuia kujiua, utakuwa na kisa cha kuleta mtaalamu studio.

Dada_wa_marehemu:

Nimewasoma wote na nimejifunza. Ila naona mmekubaliana haraka mno.

Kaka yangu alijiua. Nyumbani kwetu ni Lushoto, kwa hiyo Kijana, redio yako huenda ndiyo anayoisikiliza mama yangu. Watu waliambiwa malaria imempanda kichwani. Mama hadi leo husema "kaka yako alipougua". Mtu mmoja mwenye cheo kanisani alinong'ona mlangoni kwamba ibada ifupishwe, wakati sheria za Kanisa Katoliki tangu 1983 hazimtaji tena aliyejiua kati ya wanaonyimwa maziko, na Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Hilo nililijua baadaye, kwa kusoma mwenyewe. Siku ile tuliimba beti chache tukaenda makaburini.

Sasa mnasema siku ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa ipi? Sisi tulizaliwa sita, keki hatukuwahi kuiona, tarehe ya kaka nimeijua kwenye cheti cha ubatizo tulipokuwa tunatafuta karatasi za mirathi. Tarehe ninayoijua mimi ni ile nyingine. Ikikaribia, naijua kwa mwili kabla ya kalenda. Mwanamuziki mashuhuri ana Septemba 8 inayojulikana dunia nzima, ana na jengo. Sisi wengine tarehe tuliyobaki nayo ndiyo hiyo moja, na mtaa mzima unapita juu yake kama haipo.

Moyo unaokata, hapana. Kinywaji, hapana. Nesi yuko sahihi kwa kila alichokiandika kuhusu njia na mahali. Lakini mkihamisha kila kitu Septemba, Aprili 20 ibaki tupu, mtakuwa mmefanya alichofanya mama yangu, ila kwa vifaa vya kisasa. Redio ikisema siku hiyo, kwa sauti ya kawaida, "Leo ni siku aliyokufa. Alijiua. Tunampenda bado," mimi ningezima jiko nikae nisikilize.

Nesi_Mvita:

Dada, pole. Nimekusoma mara mbili. Siwezi kupinga hata sentensi moja ya hayo, na uliyoyaandika mwishoni hayavunji mwongozo wowote.

Mzee_wa_Ruwi:

Mwanangu, Mungu amrehemu kaka yako. Kama umri wangu unaruhusu kurekebisha kauli: niliposema siku ya kifo husomwa, sikumaanisha inyamaziwe. Kusoma ni kwa sauti.

Kijana_wa_Ngamiani:

Nimerudi. Ahsanteni, na Dada, pole sana. Salamu kwa mama Lushoto. Mawimbi yetu yanafika huko, yakikatika ni mlima.

Yule wa saa tano nilimpata mchana. Nikamuuliza kama Nesi alivyosema, kwa maneno yale yale, na sauti yangu ndiyo iliyotetemeka, yake haikutetemeka. Akanyamaza. Akasema "wakati mwingine". Tukaongea sana, zaidi kuhusu ada na baba yake. Hajafika miaka 18, kwa hiyo nikampa 116, ile namba ya bure ya simu kwa mtoto, na akakubali nimtafute mwalimu mmoja anayemwamini. Nimemtafuta. Mengine ni yake, siyaandiki hapa.

Kilichomtisha zaidi kilinishangaza: polisi. Alidhani akimwambia mtu atakamatwa.

Kwa bosi niliingia na maneno ya Nesi na ya Dada nikiwa nimeyachapa kwenye karatasi. Promo imefutwa, prodyuza amenuna. Saa tatu nzima tunafanya Septemba 8, muziki mtupu na maisha yake, kongosho na pombe na ratiba za maonyesho nazitaja kama zilivyokuwa, bila kusema moja ndilo lililomuua. Mdhamini amejitoa, Septemba haimfai, kasema. Septemba 10 namleta mtu wa hospitali, najaribu kupata mmoja wa Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, na mmoja wa Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili kule Korogwe, maana hapa Tanga neno Lutindi watu tunalitumia kutaniana na nimechoka nalo.

Aprili 20, saa tatu kamili, wimbo mmoja na sentensi tatu za Dada, kwa ruhusa yake. Nimezipunguza? Hapana, nimeziacha hivyo hivyo. Mama yangu kasikia jaribio la kurekodi akasema "hapo sawa", na akaendelea kumenya muhogo.

Bado nina swali moja: baada ya wimbo ule, nifungue simu, nizipokee laivu?

Nesi_Mvita:

Hilo la polisi ni la kweli, na linaua. Kwetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwenu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio kuwa kosa. Lakini kusema kwamba unafikiria kufa si jaribio, na kumwambia nesi si kosa popote. Litamke hilo hewani, taratibu, mara mbili.

Simu laivu usipokee usiku huo. Mtu akivunjika hewani huwezi kumshika na huku meza inakungoja. Weka mtu wa pili kwenye simu ya studio, mwenye utulivu, asiyekuwa na kazi nyingine hadi saa sita, na awe na karatasi mbele yake: 116 kwa watoto, zamu ya Bombo, na jina la mtu mmoja wa kumwamsha kama kuna hatari sasa hivi. Jumbe usizisome moja kwa moja, zipitiwe kwanza. Na wimbo ukiisha usiingize tangazo mara moja. Ongea. Sema hali ya hewa ukikosa la kusema, mradi wasikie kuna mtu macho.